Dakika Kumi za Bwana Kewal

Jelagat alikuwa afisa wa ustawi wa wanafunzi katika chuo kimoja cha jamii upande wa Hodge Hill, Birmingham, kazi ambayo, kama alivyozoea kuwaeleza wenzake kanisani, ni kubeba lawama za watu mia kwa mshahara wa mtu mmoja. Novemba hiyo lawama zilihusu darasa la Kiingereza. Septemba walikuwa wamejiandikisha wanafunzi kumi na tisa wa Kilatino, watu wa Bolivia, Ekuado, Kolombia na Brazil, wengi wao wakiwa wamekaa Hispania miaka mingi kabla ya kuja Uingereza. Sasa walikuwa wamebaki wanne.

Naibu mkuu wa chuo, Bwana Kewal, alikuwa mtu mwema mwenye haraka ya kutatua mambo kabla hajayaelewa. Aliamua kwamba hawa watu wanajisikia wapweke, basi wafanyiwe sherehe. Akaagiza muziki, vibanzi vya mahindi na kofia hamsini pana za majani makavu. Jelagat alijaribu kumwambia kwamba kofia zile ni za Meksiko, hazivaliwi Bolivia wala Brazil. Bwana Kewal akajibu kwamba furaha haina mipaka.

Siku ya sherehe alikuja mtu mmoja. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa sare ya kampuni ya usafi, akauliza kwa Kiingereza cha kuokotezaokoteza kama kuna kiti ambacho mtu anaweza kukalia bila kusumbuliwa. Jelagat alimwonyesha viti sitini. Mama alikula sahani moja, akajifunika uso kwa kofia mojawapo, akalala fofofo huku tarumbeta zikilia.

Alipoamka alimkuta Jelagat ameketi karibu naye na vikombe viwili vya chai. Kwa maneno machache na mikono mingi, wakaelewana. Jina lake Rosaura Mamani, wa Cochabamba. Anasafisha ofisi katikati ya mji tangu saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Darasa linaanza saa tatu na nusu, na ikipita dakika kumi mlango wa chuo unafungwa hadi mapumziko. Ukifungiwa nje unaandikwa hukuja. Ukiandikwa mara tatu unafutwa, kama alivyofutwa yeye. Wenzake wote wanafanya kazi kama yake. Hakuna aliyechoka kusoma, alisema, wamechoka kukimbia.

Jelagat aliyapeleka hayo kwa Bwana Kewal kwenye ukurasa mmoja. Sheria ya dakika kumi bwana huyo aliitunga mwenyewe, na alikuwa akiijivunia. Akauliza kama hawawezi kutembea upesi kidogo, maana yeye kila Jumapili hutembea maili sita.

"Basi jaribu wewe, bwana," Jelagat alisema. "Alhamisi, saa tatu kamili, mlangoni pa ofisi anayosafisha Mama Rosaura. Na kadi yako ya mlango uniachie mimi."

Bwana Kewal hakuwa mtu wa kukataa shindano. Alhamisi alimkuta Rosaura akikunja aproni, na basi la kwanza likawapita limejaa. La pili walilipata, likafika mtaa wa Alum Rock na kukwama nyuma ya lori lililokuwa likishusha magunia ya vitunguu mbele ya duka, dereva wake akipiga gumzo na mwenye duka kana kwamba barabara waliirithi wao. Bwana Kewal aliteremka, akakimbia. Rosaura, aliyeijua njia, alimpita kabla ya kona ya kwanza.

Walifika saa nne kasoro dakika kumi. Mlinzi mlangoni alikuwa Liban, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akitukanwa kwa lugha kumi na mbili kwa sababu ya sheria ile.

"Liban, fungua. Unanijua mimi," alisema Bwana Kewal, akihema.

"Nakujua vizuri, bosi," Liban akajibu kwa upole. "Ndiyo maana naogopa kuvunja sheria yako."

Mapumziko yalikuwa bado dakika arobaini, na manyunyu yalianza. Rosaura alimvuta chini ya kijipaa cha kuegeshea baiskeli, akamgawia mkate na kahawa ya chupa. Kisha akatoa mkobani barua tatu za onyo, zote zenye sahihi ya Bwana Kewal, kila neno gumu limepigiwa mstari na maana yake kuandikwa pembeni. Alimweleza, bila kejeli yoyote, kwamba kwa kuwa darasani hakuingia, Kiingereza alijifunza humo. Maneno aliyoyapenda zaidi ni "kwa masikitiko makubwa".

Bwana Kewal alizisoma barua zake zote tatu. Baadaye Jelagat alisimuliwa na Liban, kwa Kiswahili na kwa raha zote, kwamba bosi alizikunja moja moja, akamrudishia mwenyewe. Kisha akamuuliza mama huyo jambo ambalo fomu za chuo hazikuwahi kumuuliza: kwao alikuwa akifanya kazi gani.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Miaka kumi na minane.

Januari darasa lilihamishiwa saa tano, na sheria ya mlango ikafutwa kwa barua fupi isiyo na masikitiko. Walirudi kumi na wanne. Si kila kitu kilinyooka: Wabrazili wawili bado walipewa karatasi za Kihispania, wakazirudisha kwa Jelagat wakimkumbusha kwamba wao husema Kireno, naye akaomba radhi kwa niaba ya watu mia, kama kawaida.

Mwezi wa tatu mwalimu wa hesabu wa chuo alihitaji msaidizi wa alasiri, na Bwana Kewal akashuka ngazi mwenyewe kwenda kumwomba Rosaura. Rosaura aliuliza kwanza kama kazi inaanza mchana kweli, akataka aandikiwe, akaisoma karatasi mara mbili pale pale akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Kisha akamwomba Jelagat kalamu.