Kiti cha Mbele cha Mzee Gordon

Mwaka huo wa sabini na sita, watu wa Jericho, mtaa wa Nairobi, walikuwa wamezoea kuiona gari ya Tobias, Pijo, ikikaa juu ya mawe. Ilikuwa 404 ya stesheni wagoni, rangi ya maziwa, na kwa miaka miwili haikuwa imesogea hata hatua moja. Kuku wa jirani walitaga chini yake. Wanaume wakitoka kazini walimtania, "Tobias, hiyo nyumba yako ya pili unaikodisha lini?" Naye alicheka tu, maana utamjibu nini mtu wa Jericho aliyeamua kukucheka?

Gari lenyewe halikuwa lake hasa. Lilikuwa la baba yake, Mzee Gordon Oluoch, aliyetumikia reli miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akarudi kwao Ugenya na kumwachia mwanawe wa kwanza. Sasa mzee alikuwa tena Nairobi, lakini si kwa heri. Tumbo lilikuwa linamla kutoka ndani. Baada ya miezi mitatu ya kupimwa na kuchomwa sindano, daktari alimwita Tobias kando akamwambia ampeleke mzee nyumbani akapumzike. Tobias hakuwa mtoto, alielewa.

Mzee pia alielewa, na hakutaka maneno mengi. "Nifikishe kwangu nikiwa hai, Tobi," alisema. "Nilione boma langu. Mengine ni ya Mungu."

Hakukuwa na basi ambalo lingembeba mgonjwa wa hali ile kutwa nzima, na gari la kukodi halikuwa la mshahara wa karani kama Tobias. Ikabaki Pijo. Akamwita Kinyanjui, fundi aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya maduka. Kinyanjui akalizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akachungulia, akaifunga polepole.

"Injini iko," alisema. "Gari ndiyo haiko."

Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi. Rejeta ya kupoza injini ilikuwa imekufa. Breki hazikushika, na matairi yalikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Kinyanjui akamwuliza ana kiasi gani. Tobias akasema ana mikono miwili, na jioni zote, na Jumapili baada ya kanisa. Wakapeana mkono hivyo hivyo.

Jamani, Tobias alifanya kazi! Hilo hakuna wa kumnyima. Alikata pipa la mafuta akaliponda likawa bati la sakafu. Alisugua pistoni za breki kwa majivu, akabadilisha gasketi, akalala chini ya gari mpaka mgongo wa shati ukawa hauoshiki. Kila nyundo iliponyamaza, sauti ya mzee ilitoka dirishani: "Limefika wapi?"

"Linakuja, Baba!"

Mzee naye alikuwa na matengenezo yake. Alimwambia Adhiambo, mke wa Tobias, apeleke koti lake jeusi kwa dobi na kuipiga brashi kofia yake. "Sokoni tupite polepole, Tobi," alisema kupitia dirishani. Tobias akajibu "Ndiyo, Baba" kutoka chini ya gari, spana mdomoni. Masikio yalisikia, yeye hakusikia. Na aibu ni kwamba alijua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi safari za kwenda nyumbani kila Desemba zilivyokuwa. Alizisafiri miaka yake yote ya shule, amebanwa nyuma na ndugu zake sita. Mjomba akiendesha, mzee alikaa kiti cha mbele kushoto, mkono nje ya dirisha, kofia kichwani. Wakifika sokoni kwao gari lilipunguza mwendo likawa linatembea kama mtu, na mzee aliwasalimia watu mmoja mmoja kwa majina, na watu walisema, Gordon amerudi. Kwa Mzee Gordon, hapo ndipo safari ilipofika. Nyumbani palikuwa nyongeza.

Rejeta na matairi ndivyo vilivyomkwamisha Tobias. Mikono haitengenezi rejeta. Ndipo lilipomjia wazo, na lilimjia kwa mapenzi, tusimsingizie. Mzee hawezi kukaa kitini kwa muda wa saa kumi, alijiambia. Mzee anahitaji kulala. Basi viti vya nini? Pale sokoni Gikomba kulikuwa na seremala mmoja, Nzuki, aliyenunua viti vya magari akavigeuza kuwa makochi. Tobias aling'oa benchi la kati na benchi la nyuma. Alipopima, akaona baba yake ni mrefu, miguu itakunjika, akang'oa na kiti cha mbele kushoto. Akavipakia vyote kwenye mkokoteni, akarudi na rejeta na matairi manne yenye meno. Alikuwa anapiga mluzi.

Kinyanjui alipoona ndani ya gari, aliinamisha kichwa akajikuna. "Tobias, umemuuliza mzee?"

"Nimuulize nini? Ni mgonjwa, Kinyanjui. Wewe funga rejeta."

Adhiambo aliambiwa ashone mapazia ili jua lisimpige mzee usoni. Alishona. Lakini naye alimuuliza mumewe, "Baba Anyango, mzee anajua?" Tobias akasema ni jambo la kumfurahisha ghafla, asiharibu. Akafunika gari kwa turubai. Ndani aliweka mbao kutoka kwa dereva hadi mlango wa nyuma, godoro juu yake, na shuka jeupe jipya. Aliliangalia na machozi yakamlenga kwa jinsi lilivyopendeza.

Nakuuliza wewe unayesoma: gari la stesheni wagoni, viti vimeng'olewa, mbao ndefu, shuka jeupe, mapazia madirishani, linaelekea magharibi. Hilo ni gari la nini? Mtoto yeyote wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki, angekujibu. Magari kama hayo yalikuwa yakiondoka kila Ijumaa, nasi tukisimama barabarani mpaka yapite. Tobias mwenyewe alikuwa amewasindikiza wengi hivyo. Lakini alikuwa ametazama muda mrefu kitanda alichotaka kukitengeneza, kwa hiyo aliona kitanda.

Jumamosi asubuhi mzee alitoka kwa miguu yake. Kwa miguu yake! Tobias upande huu, Adhiambo upande huu, lakini anatembea. Koti jeusi, tai, kofia. Majirani walitoka kumuaga. Tobias akavuta turubai.

Mzee Gordon alitazama. Kisha akavua kofia.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Ala, Baba! Hakuna aliyefariki. Hiki ni kitanda chako. Utalala raha mustarehe mpaka nyumbani."

"Kiti changu kiko wapi?"

"Tulikiuza, Baba. Ndiyo tukapata rejeta."

Mzee akairudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Hili ni gari la maiti, Tobi," alisema. "Mimi bado."

Hapo ndipo Tobias alipopaswa kunyamaza. Angesema nisamehe, au angesema lolote lile. Lakini alikuwa na uchovu wa miezi mitatu ndani yake, na majirani walikuwa wakitazama, na moyo wake ulikuwa umeumizwa mahali alipotarajia shukrani. "Ukikaa kitini utanifia njiani!" alisema kwa sauti. Mzee akajibu kwamba basi atakufa ameketi. "Basi baki," Tobias alifoka, "baki hapa Jericho ufie hapa hapa!"

Adhiambo aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee alimtazama mwanawe, wala si kwa hasira, akageuka, akaanza kurudi ndani akishika ukuta.

Siku mbili Tobias alinuna. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Mzee alikaa kwenye kiti cha sebuleni na koti lake. Jumatatu jioni Tobias alishindwa na nafsi yake, akashuka Gikomba mbio kabla ya maseremala kufunga.

"Kiti cha Pijo?" Nzuki alisema huku akipiga randa. "Hicho kilishakuwa stuli, ndugu yangu. Mabenchi yalikwenda Makadara, makochi mazuri sana."

Kinyanjui, Mungu ambariki, hakusema nilikwambia. Alitafuta kiti cha pikapu iliyogongwa. Matundu hayakulingana, ikabidi miguu yake ikatwe na kuchomelewa upya, na mwenye mashine ya kuchomelea alikuwa amesafiri. Wakangoja Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Tobias alimpitia baba yake kila asubuhi kabla ya kazi, akasema, "Kiti kinakuja, Baba," na mzee alitikisa kichwa kukubali. Tangu Jumatano alikuwa hali chochote ila maji. Ijumaa jioni kiti kilikaa mahali pake, bolti nne, imara.

Jumamosi ile ya pili Mzee Gordon hakutoka kwa miguu. Tobias alimbeba, na hakuamini wepesi wake. Alimketisha mbele, akamfungulia dirisha, akamwekea kofia. Mzee alitabasamu, na wa Jericho wachache waliokuwa wameamka walimpungia mkono. Akajaribu kuinua wake. Lakini walipoingia Jogoo Road alikuwa ameshaanza kuteleza. Adhiambo, aliyekaa sakafuni nyuma, alimzungushia leso kifuani akamvuta dhidi ya kiti. Wakaenda hivyo dakika chache, mke ameshikilia leso kwa mikono miwili, jasho linamtoka mzee.

"Tobi," alisema. "Nilaze."

Wakageuza, wakarudi Jericho. Tobias alifungua zile bolti nne mwenyewe; Kinyanjui alimwomba ampe spana, naye akakataa kuitoa. Mbao zikarudi, na godoro, na shuka. Wiki moja tu. Wiki moja iliyopita mtu huyu alikuwa anatembea.

Njia yote, kutoka Limuru hadi Nakuru, kutoka Nakuru hadi Kisumu, Tobias alitafuta namna ya kuomba radhi. Walipoivuka Kisumu ndipo aliposema, bila kugeuka, "Baba, lile neno nililosema…"

"Gari linakwenda vizuri," mzee alisema kutoka nyuma. Kisha baadaye, walipokuwa wameshapita maili kadhaa, akasema, "Ungeniuliza tu, Tobi."

Ilikuwa saa kumi jioni walipofika sokoni, na ilikuwa siku ya soko. Tobias akapunguza mwendo. Hilo angalau angelitimiza. Gari likatembea kama mtu, kama zamani, na akasema, "Tuko sokoni, Baba. Nikuinue?"

"Funga pazia," mzee alisema.

Adhiambo akayafunga mapazia yote. Watu wakageuka. Walilijua gari, nani asiyelijua? Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya alisimama akaweka mikono kichwani. Kijana mmoja akarukia baiskeli yake, akakata kona ya njia ya mkato, akapotea. Tobias aliona yote hayo. Alitaka kutoa kichwa nje na kupiga kelele kwamba yu hai, lakini soko likawa limeshapita.

Waliisikia nduru kabla hawajaliona boma. Shangazi Asenath, dada yake mzee, alikuwa mbele ya wote langoni, leso imemvuka begani, akilia kwa sauti ile ambayo mtu hulia mara chache maishani mwake. "Wamemleta! Wamemleta ndugu yangu!" Nyuma yake wanawake wa boma zima walikuwa wakiipokea nduru yake.

"Huyo ni Asenath," mzee alisema ndani ya pazia. Akasikiliza. "Anamlilia nani?"

Tobias akasimamisha gari langoni.

"Aa," mzee alisema. "Mimi."

Tobias akanyoosha mkono kwenye honi, mzee akamwambia awaache. Akalala pale akiwasikiliza, macho juu kwenye dari ya gari, wanawake wakilitaja jina lake na mambo yake mema yote, mpaka Asenath akaufungua mlango wa nyuma mwenyewe akakutana na macho yake.

"Asenath," alisema. "Hamjambo hapa?"

Yule mama alirudi nyuma akaanguka mikononi mwa watu. Nduru ikakatika. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkaribisha, maana kila mmoja aliona haya na hakujua amsalimie vipi mtu aliyetoka kumlilia. Mmoja mmoja wakaondoka langoni wakitazama chini. Tobias na Adhiambo ndio waliomwingiza nyumbani.

Aliishi siku kumi na moja. Watu walikuja kumwona, ni kweli, lakini walikuja wakinong'ona, wakakaa karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza habari za Nairobi.

Alipofariki kweli, ilikuwa Jumatano mchana, nyumba ikiwa na watu. Shangazi Asenath alisimama uani, akafungua kinywa aanze, sauti ikatoka kidogo ikakwama. Akajaribu tena. Kisha akaketi chini. Wanawake wengine walitazamana; machozi yao walikuwa wameshayatoa langoni. Tobias ndiye aliyelia siku ile, kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.