Sala Aliyoiuza Arcesio

Siku ya tisa ya kumwombea marehemu Mama Rosalba, nyumba ilifurika watu hadi kwenye ngazi za uchochoroni. Jiji zima la Medellín lilimjua mwanawe Arcesio: miaka ishirini na miwili kwenye televisheni, na kila tamthilia yeye ndiye muuaji. Kabla ya kukata roho, mama alimshika mkono. "Rozari ya siku ya tisa uiongoze wewe, mwanangu. Si mwingine." Akakubali.

"Kaka, niachie mimi," dada yake Deyanira alimnong'oneza jikoni huku akimimina kahawa. "Hawa hawajaja kusali. Wamekuja kukutazama wewe."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi mengi."

Arcesio alijua dada yake anasema juu ya nini. Zamani, alipokuwa bado mwigizaji wa kupigwa risasi na kusahaulika, alipewa nafasi ya Mzikaji, muuaji wa kukodiwa. Mwongozaji akataka kitu cha kuwatia watu baridi kabla ya risasi. Arcesio akamtolea Salamu Maria vile vile mama yake alivyoisali, polepole, maneno akiyavuta kama anayebembeleza mtoto. Studio ikanyamaza kimya. Tangu siku hiyo Mzikaji hakuua mtu bila sala ile, na bastola ililia alipofika "saa ya kufa kwetu". Arcesio akapata nyumba, gari na jina. Mama yake akaacha kusali kwa sauti.

Sasa alipiga magoti mbele ya picha ya marehemu. "Tendo la kwanza la uchungu," akatangaza, akifungua rozari. Simu zikainuliwa. Baba Yetu ikapita salama. Akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema…" Chumba kikashusha pumzi kwa pamoja, kama watu walioona tamthilia imeanza. Wakaitikia hadi "sasa na saa ya kufa kwetu."

"Pa!" akasema mtu mlangoni.

Vicheko vikabanwa puani. "Hamna haya nyie!" akafyonza shangazi yao, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika. Salamu Maria ya pili, "pa" zikawa tatu.

Deyanira akamtoa rozari mkononi. "Toka nje, kaka. Tumwombee mama."

Akaendelea yeye kwa sauti yake kavu, na watu wakaitikia kama Wakristo.

Libardo, fundi viatu wa jirani, akamfuata Arcesio uchochoroni. "Mzee Mzikaji! Usinune bwana, si tunakupenda? Hebu nifanyie moja ya kumtumia mwanangu, yuko Uhispania, atachizika!" Simu tayari iko usoni.

Arcesio akaisali Salamu Maria yote, taratibu, kwa mvuto wa mama yake, mpaka Amina. Hakuna aliyemkatiza.

Libardo bado kainua simu, anangoja. "Sasa mbona hukupiga risasi? Rudia, mzee. Mwishoni upige."

Arcesio akatazama dirisha. Ndani walishafika Salamu Maria ya sita. Akanyoosha kidole kama bastola, akaanza upya.