Kifungo cha Uzi Mwekundu

Nyie mlio na watoto mbali, sikieni: mtandao hauelewi kilio. Mama mmoja, fundi wa kushona makochi, alilijua hilo baada ya miaka sita ya kumtafuta mwanawe kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Kila adhuhuri, wateja wakipungua, alijifuta chaki vidoleni, akashika simu na kuandika: mwanangu uko wapi rudi nyumbani mama yako nakufa kwa hamu. Simu ilimletea nyimbo. Ilimletea mahubiri, na dawa ya kukosa usingizi. Akiandika jina kamili la kijana, walijitokeza wanaume chungu nzima, mmoja wao marehemu. Huyo marehemu alimtia homa siku mbili, mpaka alipoona picha: mzee wa mvi.

Siku moja shoga yake, muuza vipuri vya magari wa duka la jirani, aliichungulia simu ile akaguna.

"Dada, hii ni barua. Nani atakujibu?"

"Sasa niandike nini?"

"Mimi nikitafuta taa ya gari siandiki kwamba mteja ananitoa roho. Naandika aina ya gari, mwaka, upande wa kushoto. Basi. Naweka maneno ambayo mwenye taa angeyaandika, si ya moyoni mwangu. Haya, mwanao ana nini ambacho wengine hawana?"

"Ana moyo mzuri."

"Wenye moyo mzuri wamejaa humo, hata matapeli. Anafanya kazi gani?"

"Hii hii. Nilimfundisha mwenyewe."

"Na anaifanyaje tofauti na wewe?"

Mama akainama, akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni ambavyo havikuwa vikimsumbua mtu. Jibu alikuwa nalo miaka yote sita. Kijana alikuwa na mtindo wake: kila kochi, kifungo cha mwisho chini ya mgongo alikikaza kwa uzi mwekundu, kitambaa kiwe cha rangi yoyote. Mama aliuita uchafu. Siku moja, mbele ya mteja, alichukua mkasi akakifumua, akasema fundi mwenye akili hachezei mali ya watu. Kijana aliiweka sindano mezani taratibu. Jioni nguo zake hazikuwepo, na namba yake haikupatikana tena.

Alipokwisha kusimulia, muuza vipuri hakumtazama usoni. "Andika hicho hicho," alisema.

Mama akaandika: makochi kifungo uzi mwekundu.

Safari hii hakukuja wimbo. Picha ya tatu ilikuwa ya karakana ndogo, kochi la kijani limegeuzwa mgongo, na chini yake maneno: Ukiona kifungo cha uzi mwekundu, ujue ni mkono wangu. Kisha namba ya simu.

Yaani kile alichokifumua ndicho pekee kilichobaki cha kumshika nacho mtoto. Waangalieni watoto wenu wakiwa kazini, jamani, kabla hamjashika mkasi.

Alipiga. Sauti nzito kidogo kuliko aliyoizoea ikaitika, "Karakana hapa, nikusaidie nini?"

Maneno yote ya miaka sita yakamkimbia. Yakabaki manne.

"Nataka kochi. Uzi mwekundu."

Upande wa pili, cherehani iliyokuwa ikinguruma ikasimama.