Faili la Makelele

...na kidole kimeshafika juu ya kipanya, ni kubonyeza tu, neno Futa limesimama kwenye kioo na chini yake Ndiyo na Hapana, na fundi wa sauti ameegemea kiti chake anatafuna chingamu kwa adabu, mwanamke mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ananiambia tena, mwalimu usiwe na wasiwasi, sauti ya Mzee baba yako tumeshaihifadhi, imetakata, hiki kinachofutwa ni makelele tu, na mdogo wangu nyuma yangu ndani ya suti yake ya shughuli, dada, bonyeza basi, watu wanatusubiri ukumbini, wana haraka hawa, na mimi ndiye niliyejitakia, kiherehere changu, si niliomba mwenyewe kuzisikia takataka kabla hazijatupwa, nikavishwa hedfoni hizi zinazobana masikio, nilimtaka jogoo tu, basi, jogoo wetu wa zamani aliyekuwa akiwika mchana kama hana akili, nilitaka kuisikia ile nyumba mara moja kisha nibonyeze, nani asiyetamani, na jogoo nimempata kweli, na kijiko kwenye kikombe, na ufagio uani, nikawa nacheka peke yangu, halafu akasema mtu. Mama akasema. Mama yangu, ambaye picha zake tunazo lakini sauti yake hatunayo popote, tuliitafuta baada ya mazishi kila mahali tukakata tamaa, leo iko masikioni mwangu na kwenye kioo wameiandika makelele... dada, unasikia? Nasikia, mdogo wangu, nasikia sana, nimempungia mkono wa kushoto asubiri, wa kulia umebaki palepale.

Mwanzoni nilidhani anauliza kikombe, maana ndiyo kazi tuliyompa sote, baba alikisema kitabu kizima kwenye kinasa sauti, mezani kwetu, bila kalamu wala karatasi, hiyo ndiyo sifa yake na kila anayemtaja anaanzia hapo, na mama alileta chai, baba mwenyewe alipenda kuwaambia wageni, bila chai ya mama watoto kitabu kisingekwisha, wageni wanacheka, mama anacheka, anakusanya vikombe anatoka. Lakini hakuuliza kikombe, alisema, asubuhi walipokuja wenye kofia za chuma kumchukua, alikuwa bado hajavaa kiatu cha pili. Polepole, kama mtu anayemtajia mwingine vitu vya kununua sokoni. Hiyo ni sentensi ya kwanza ya kitabu, nani asiyeijua, nimeifundisha mpaka nikastaafu, nimewakata watoto wa watu alama kwa kalamu nyekundu, umebadilisha maneno ya mwandishi... maneno ya mwandishi! Na baada ya mama kuisema likaja shimo. Si kimya, kimya nakijua, kimya kina hewa, hili halina hata hewa, kompyuta imemchomoa baba pamoja na pumzi aliyokuwa akivuta, shimo lenye urefu wa sentensi ile ile, kisha nyumba inarudi, jogoo anarudi, mama anasema sentensi ya pili, kisha shimo tena, na mimi nikagundua midomo yangu inacheza, kila shimo naliziba, naisema sehemu ya baba bila sauti... unasemaje, mwalimu? Sisemi kitu, fundi, endelea na chingamu yako.

Nimejaribu kumtetea, jamani, baba ni baba, labda alikuwa anamkumbusha tu, wanandoa ndivyo walivyo, mume anasimulia kitandani, mke anaishika, kesho yake anamrudishia, na kusoma mama hakujua, kwa hiyo hakuwa anasoma popote, alikuwa na kichwa chepesi, ndiyo, labda, nikaanza kupoa, lakini akasema, yule mwanamke alilia mlangoni, akanyamaza kidogo, hapana, si kulia, weka kuguna, kulia atalia baadaye akiwa peke yake, na ndipo likaja shimo, na kitabuni ni kuguna, profesa mmoja ameandika kurasa nzima kuhusu kule kuguna, mke aliyeguna mbele ya wakoloni badala ya kulia, ujasiri wa kalamu ya Mzee, alivyosema. Kalamu! Nikimtazama fundi sasa hivi naona ameshika ule mkebe wa kanda, mtupu, kanda yenyewe ilikuwa inapukutika, aliipitisha kwenye mashine mara moja tu na ikaacha unga wa kahawia kwenye kitambaa chake, akanionyesha kabla hajakikung'uta. Kwa hiyo hakuna pengine sauti hii ilipobaki. Kompyuta ilichambua kanda kama mchele, baba huku, kila asiyekuwa baba kule, na hifadhi ya mtandaoni inayozinduliwa leo inapokea cha huku tu, ndivyo walivyokubaliana na wafadhili wao, cha kule kinafutwa baada ya mtu wa familia kukubali kwa kidole chake, na mdogo wangu akasema mkubwa ni dada, apewe heshima yake, nami nikajifunga kilemba kizuri nije kupewa heshima ya kutupa uchafu.

Dada, watatusema, tumechelewa... mdogo wangu huyu naye, subiri, tumefika ukurasa wa mwisho, naujua kama mlango wa chumba changu, mama anasema, akarudi siku bendera ilipopanda, akaukuta mlango uko wazi. Shimo. Nikaliziba. Hapo kitabu kinaishia, hapo darasa lote huwa linanyanyuka na kupiga makofi, nami nikangoja kanda iishe, lakini mama hajaisha, anasema, kabla mwezi mpya haujaandama walikuja kumchukua tena, na safari hii waliokuja tulikuwa tunawajua kwa majina.

Na shimo halikuja. Hewa tu ya chumba, inaendelea, nyumba nzima inangoja, naye anangoja, nimekaa na midomo wazi sina la kusema kwa sababu halimo, sijawahi kulifundisha, na baba anayepaswa kulisema halisemi, nasikia kiti kinasukumwa, nasikia kandambili zake, maana kandambili si sauti ya Mzee, zenyewe zimeangukia kwenye makelele, zinaondoka mezani taratibu, mlango unafungwa. Mjomba. Ee Mungu, huyo anayechukuliwa ni mjomba, kaka yake mama, yule wa kwenye picha aliyesimama na mguu mmoja nje ya kiatu, tuliambiwa alisafiri, kila tulipouliza, alisafiri, ukiuliza wapi unaambiwa kula chakula chako, na mwaka uliofuata baba akapewa ofisi yenye zulia na dereva, na mama tangu hapo mlango wa jikoni hakuwahi kuutia komeo mpaka anakufa, tulimgombeza, mama, wezi, mama, umezeeka unasahau, mimi mwenyewe nilinunua kufuli jipya nikalifunga kwa mikono yangu na asubuhi nikalikuta limefunguliwa limewekwa juu ya meza, limefutwa vumbi, na sikuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema hivyo akikunja nguo, nikadhani anazungumzia kunguni.

Naye anasema tena, nasikia, chumba hakina mtu na anasema tena, kabla mwezi mpya haujaandama walikuja kumchukua tena, na safari hii waliokuja tulikuwa tunawajua kwa majina, akangoja tena, na sasa kuna kitu kingine kwenye hewa ile, pumzi, ndogo ndogo, za karibu sana na kinasa sauti, za mtu aliyejificha, na mimi nikivuta pumzi inavuta, nikiishusha inashuka, nimejaribu kuizuia yangu na ile nayo ikakatika, natamani kuzivua hedfoni na mkono haunitii... dada, unasikia baridi? fundi, punguzeni hiki kiyoyozi... na mama anasema, kwa sauti ile ya upole uliokuwa mbaya kuliko fimbo, wewe hapo chini ya meza, nakuona. Usiguse hicho kitufe.

Kidole changu kimeganda. Anamwambia mtoto yule wa chini ya meza, najua, mtoto yule ni mimi, palikuwa na taa nyekundu ndogo na kitufe kilichong'aa, na mimi nilipenda kukaa chini ya meza ile nikivuta waya kujua unakoishia, ni hilo tu, miaka hiyo, mwenye akili timamu atasema ni hilo tu, lakini fundi kasogea anasema, mwalimu, ukishindwa nikubonyezee, na mama, hapo hapo, akamjibu, nimesema usiguse. Kisha nikasikia kiti chake kinasogea, sauti ikashuka chini karibu na sakafu, karibu na mimi, haya mwanangu, baba yako amekataa, sema wewe. Sema nikusikie.

Mtoto hasemi. Anapumua tu, kanda inazunguka, mama anangoja, mstari wa kijani kwenye kioo unazidi kusogea kuelekea ukingoni na baada ya ukingo hakuna kitu, na jogoo yule mwehu kanyamaza, ukumbini watu wameketi wanamsubiri Mzee wao aliyetakata, dada, ni Ndiyo au Hapana, jambo dogo hili, na mimi nasikia koo langu limefunguka, nayasema, kabla mwezi mpya haujaandama walikuja kumchukua tena, na safari hii waliokuja tulikuwa tunawajua kwa majina, na mdogo wangu anaacha kuzungumza, na fundi anaacha kutafuna, ananitazama juu ya miwani yake, mwalimu, hiyo haimo kitabuni, anasema, mimi kitabu kile nilikikariri chote, hiyo haimo, nami nayasema tena, kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikiwa bado palepale.