Mtetemo wa Lori la Muhidini

Kibiti nzima ilikwisha kukata shauri: ndani ya lori la Muhidini alikuwamo Muhidini mwenyewe. Miezi minane tangu azikwe, kila lilipochanganya mwendo lilianza kutetemeka, kwanza sakafu, kisha kiti, kisha meno ya dereva. Propela mpya, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilitiwa, na mtetemo ukarudi palepale. Lisemwalo lipo, walisema watu, na midomo ya Kibiti haijapata kufungwa breki.

Fundi Haidari peke yake hakusema neno. Ndiye aliyeliinua lori hilo, zama za ruksa, biashara huria ilipopamba moto na kila mwenye gari akawania mpunga wa Chumbi. Matope ya masika yalimeza magari mpaka tumboni, na Muhidini alitaka lake lipite juu. Haidari akachonga vipande vya mkoko uliotoka delta siku ileile, akavipachika kati ya springi na ekseli. Mkoko hauozi, nani asiyejua? Wiki chache baadaye Muhidini alirudi kusema gari linatetemeka. Haidari akacheka. Siku ya nne propela ilikatika mlimani, ikapasua bomba la breki, lori likarudi kinyumenyume na Muhidini usukanini, likamuua.

Tangu hapo, kila alipojilaza chini ya gari la mtu, Haidari alisikia sauti juu yake: "Fundi, linatetemeka." Akichungulia, haoni miguu ya mtu. Alikuwa akiogopa, na aliona haya kuogopa.

Asubuhi moja lori likaingia gereji. Usukani aliushika Shaban, na kando yake alikaa dada yake Mwantum, mjane wa marehemu.

"Shemeji, sikulileta litengenezwe," alisema Mwantum. "Shaban anataka kwenda nalo Chumbi kesho. Mimi nataka kujua tu. Kama ni marehemu, halitoki uani kwangu kwenda safari. Kila alasiri tunazunguka nalo kidogo, nikamweleza habari za nyumba."

Haidari hakuweza kumtazama usoni. Alifungua propela ya nyuma, akailaza chini, aone kama mtetemo utabaki. Lori lile lilivuta kwa magurudumu yote manne, hivyo liliweza kwenda kwa yale ya mbele peke yake. Wakapanda wote watatu, Shaban akalikanyagia mafuta barabara ya Ikwiriri.

Kiti kilitulia tuli.

"Fundi, umemtoa!" Shaban alipiga kelele akisimamisha gari. "Wallahi umemtoa!"

Mwantum aliweka kiganja kwenye dashibodi, akakisogeza huku na huku akitafuta. Machozi yakamtoka. "Umemfukuza," alisema.

Njia ilikuwa nyeupe. Haidari angesema amesoma dua, angesifiwa mpaka Utete, kisha angebadilisha vile vipande kimyakimya na siri ingelala na Muhidini. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikwisha kupita. Alishuka na jeki, akaingia chini ya lori, akatoka na kipande kimoja cha mkoko. Kilikuwa kimekonda upande mmoja na kupasuka katikati.

"Shemeji, hakuwa Muhidini," alisema. "Ni mimi. Nilikitia kibichi. Mkoko hauozi majini, lakini huku juani umekauka, ukasinyaa, difu, lile bonge la giya la ekseli ya nyuma, ikainamisha pua na propela ikakaa upande. Ndiyo maana propela inatetemesha gari zima, na ndiyo maana ile ya kwanza ilikatika siku ile. Shaban angepanda mlima nayo kesho."

"Muhidini hakukwambia?" aliuliza Mwantum.

"Aliniambia. Nikacheka, nikamwambia ni barabara mbovu."

Mwantum alikipokea kile kipande, akakigeuza mkononi. Shaban alizima injini.

"Kwa hiyo, Haidari," alisema Mwantum, "miezi minane yote nimekuwa nikizungumza na ubao wako."