Kipande cha Murty Lowney

Alhamisi alasiri Nora Lowney alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi kuu ya jumba la Bwana Cathcart, akisugua fito za shaba zinazoshika zulia, pale mumewe alipotokea mlango wa ghala la chini akiwa amekufa. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mgodi ushike moto. Nora aliweka kitambaa chini.

"Usinikanyagie zulia, Murty. Ndiyo kwanza nimelifagia."

"Samahani, mke wangu." Akavua buti, lakini hata nyayo zake zilikuwa na masizi.

Nyuma yake walipanda wenzake wa zamu ya siku ya moto, wafu kama yeye, kofia mkononi. Cathcart, mwenye mgodi, alikuwa amelijenga jumba lake kilimani katika mji wa Butte, madirisha ya vioo vya rangi na minara pembeni, juu ya njia zake mwenyewe za kuchimbia shaba. Mdomo wa mgodi ulikuwa umezibwa ili moto ukose hewa, kwa hiyo wanaume walipandia huku, kwenye ghala la jumba. Mpishi alichungulia, akaongeza maji kwenye supu.

Nora alifurahi, tena sana. Wiki tatu hizo kampuni ilishikilia kwamba siku ya moto hakukuwa na mtu chini, maana vipande vyote vilikuwa ubaoni. Pale mgodini mtu akishuka hutoa kipande chake cha shaba msumarini. Akipanda hukitundika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna amtundikiaye mwenzake, hata awe ndugu wa tumbo moja. Basi Murty alipanda, wakasema, kisha akatorokea Nevada kama wanaume wengi. Padri Callaghan alikataa misa ya wafu na mkesha, kwani mtoro hakeshewi. Kwenye bomba la maji wanawake walimwambia Nora, "Wako angalau yu hai, dada," halafu wakachekea kwenye shali za mabegani mwao. Alichotaka Nora ni kuitwa mjane tu, basi.

Murty alifumbua kiganja. Kipande chake kilikuwa humo, namba 318, cheusi kwa moshi. "Zamu yangu haijaisha, Nora. Nikakitundike, nikapumzike."

"Twende," alisema Nora, aproni ingali kiunoni.

Karani wa zamu, mzee Pascoe, alikuwa dirishani pake kule mgodini, anakula mkate wa nyama. Kipembe cha mwisho alikiweka kando, fungu la wale vibwengo wadogo wa mgodini wanaogonga mwambani.

"Lowney. Umechelewa kupanda."

"Palizibwa, mzee."

Pascoe aliinua taa kuelekea ubaoni. Kwenye msumari wa 318 kulikuwa na kipande kingine. Kipya, hakina mkwaruzo, na unga wa tupa ungali umeganda kwenye namba. Msumari wa jirani vilevile. Na uliofuata. Zamu nzima ilikuwa inang'aa.

Nora alishika kizingiti cha dirisha. Mume aliyekufa hakumtetemesha. Hiki kilimkata pumzi. Mtu alikuwa amekaa kwenye mwanga mzuri, na tupa nzuri, akavitengeneza kimoja kimoja.

"Lini, Pascoe? Vimetengenezwa lini?"

Mzee aliutazama mkate wake. "Siku ya moto."

"Baada ya kuziba?"

"Kabla."

"Mungu wangu! Kabla?"

"Mimi niliambiwa nitundike tu, Nora. Nikatundika." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kupanguswa. "Sasa msumari una kipande chake. Siwezi kuweka viwili."

"Haya, nitangoja," alisema Murty. Akarudi jumbani, akaketi ngazini pamoja na wenzake.

Jumapili Padri Callaghan alikuja kula bata kwa Cathcart. Alipanda ngazi akiwakwepa wafu mmoja mmoja, kwa adabu.

"Hujambo, Murty."

"Sijambo, Baba. Vipi misa yangu?"

"Aa, mwanangu, wewe si uko Nevada!" Akampiga piga begani, akapangusa masizi kiganjani, akaingia mezani.

Nora alitaka kumrushia ndoo. Aliishika mpini hadi vidole vikafa ganzi.

Jumatatu walitarajiwa wageni kutoka mji wa Helena. Bibi Cathcart alishuka na pete zake, akasimama katikati ya ngazi, akavitazama vipande mikononi mwa wanaume.

"Nora! Shaba chafu namna hii, ngazini kwangu? Visugue na hivyo."

Nora alikichukua cha Murty kwanza. Chumvi, siki, kitambaa. Akaanza kusugua kwa hasira.

"Sugua sana," Murty alimnong'oneza. "Kikifanana na kile cha msumarini, huenda wakanipokea."

Kilifanana. Murty alikibeba, akatoka pekupeku kwenda kwa Pascoe. Aliporudi kilikuwa bado kiganjani, naye akaketi pale pale pake.

Wageni walipofika walisifu ngazi. Mmoja wao alisema hajapata kuona shaba iliyotunzwa hivyo, na Bibi Cathcart akamshukuru. Nora aliinama kuchukua kipande cha mtu aliyefuata. Murty akasogeza miguu ili mkewe apite na ndoo.