Uji wa Manjano na Chembe Zilizochemshwa

Mjukuu wangu ana miaka tisa na mdomo wa mtu wa arobaini. Alizaliwa na ugonjwa ambao madaktari wanauita sistiki faibrosisi: makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na tumbo halisagi chakula. Kila mlo lazima apate dawa ya kusagia, chembe ndogo ndani ya kapsuli. Kumeza kapsuli hataki, kwa hiyo nazifungua na kumwagia chembe kwenye kijiko cha chakula.

Miezi miwili uzito ukagoma kupanda. Mtaalamu wa lishe wa kliniki, binti mwenye miwani, akanionya:

"Bibi, akipungua tutamlaza."

Nilirudi nyumbani, nikasali, kisha nikatwanga: manjano, tangawizi, majani ya mlonge. Kila asubuhi nikapika uji na unga ule, na chembe nikazitia humo humo jikoni, uji ukitokota, nikilitaja jina la Mungu. Niliona vikichanganyika vitasaidiana.

"Kunywa, mke mwenzangu," nikamwambia.

"Bibi, huu uji una rangi ya ukuta wa darasa letu."

"Basi kunywa ukuta."

Akanywa wote, maskini. Wiki mbili baadaye mizani ya kliniki ikasema amepungua gramu mia tatu.

"Kuna kitu kipya anakula?" akauliza mwenye miwani.

"Hakuna," nikasema. Nani anataka kuitwa mshamba mbele ya foleni nzima?

"Bibi," mjukuu wangu akasema, tena kwa sauti, "wewe si ndiye unayesema uongo ni dhambi?"

Mtoto huyu! Nikafungua mkoba, nikatoa kopo la unga wangu. Yule binti akanusa, akapiga chafya, akacheka.

"Manjano na tangawizi kidogo kwenye chakula, sawa. Huu mlonge acha kwanza, nimuulize daktari. Mimea nayo ina nguvu, inaweza kugombana na dawa. Na chembe unaziweka saa ngapi?"

"Uji ukitokota."

Akaweka kalamu chini.

"Bibi yangu, umezipika! Moto unaziua. Kila asubuhi amekuwa akila bila dawa."

Mikono hii hii ndiyo iliyozipika.

"Nipe wiki mbili, mwanangu," nikasema. "Usimlaze."

"Wiki mbili tu. Homa ikija, au kifua kikizidi, mlete siku hiyo hiyo."

Akanionyesha: kijiko cha tufaha lililopondwa, la baridi, chembe juu, ameze mara moja bila kutafuna, ndipo ale. Nyumbani sikumbandua macho. Hata kijiko nilikigusa kwanza kwa mdomo kuona kama ni cha baridi, nisije nikakosea tena.

Siku ya mizani nilifumba macho.

"Bibi, fumbua! Nimeongezeka nusu kilo!"

Binti wa miwani akakata jina la mjukuu wangu kwenye orodha ya watakaolazwa. Nikamshukuru Mungu hapo hapo, kwa sauti, na foleni nzima ikaitikia amina.